Povu la Ritha: Saponini za Mimea Mikononi mwa Mtengenezaji Mdogo
Hotuba kwa watengenezaji wadogo wa sabuni, shampuu na jeli za kuogea, Nairobi

Mabibi na mabwana, ndugu watengenezaji, hamjambo.

Wengi wenu mmekuja na swali moja: je, naweza kuacha ungarol, ile kemikali ya kiwandani ya kutoa povu, nikatumia mmea? Nalijibu sasa hivi ili tusipotezeane wakati. Ukiitoa ungarol na kutia mahali pake, kwa kipimo kilekile, maji ya ritha, tunda lenye vitu vya kutoa povu viitwavyo saponini, shampuu yako itakuwa nyembamba kama maji, ya rangi ya kahawia, yenye povu la kusitasita, na baada ya siku chache itaanza kunuka. Saponini ni kiungo kizuri, ila kina masharti yake. Akiyafuata, mtu hupata povu laini lenye viputo vidogo ambalo halifi haraka. Akiyapuuza, ametupa viungo na chupa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Saponini ni molekuli yenye sehemu mbili: kiini kinachopenda mafuta, na minyororo ya sukari inayopenda maji iliyoshikamana na kiini hicho. Ikiwa majini hukimbilia juu, kiini kikielekea hewani na sukari zikibaki ndani ya maji. Maji safi yana mvutano wa uso wa takriban milinewtoni 72 kwa mita. Gramu moja tu ya saponini kwa lita huushusha hadi arobaini na kitu. Ungarol huushusha zaidi, hadi thelathini na kitu, na hufika usoni pa maji haraka zaidi kwa sababu molekuli yake ni ndogo. Ndiyo maana ungarol hutoa povu papo hapo na kung'oa mafuta kwa nguvu, kisha huacha ngozi ikikaza. Saponini huchelewa kufika, lakini zikishafika sukari zao hushikana ubavu kwa ubavu na kufanya ukuta wa kiputo unaonyumbulika bila kupasuka. Povu lile linalokaa juu ya sufuria ya maharagwe hata baada ya kuepua, saponini zimo humo, pamoja na protini.

Kwa hiyo uwezo wa saponini uko kwenye ubora wa ukuta wa kiputo. Katika kuondoa uchafu ni ya wastani tu. Mtu akikwambia kwamba maji ya ritha peke yake yatasafisha nywele zilizopakwa jeli, mafuta ya nazi na siagi ya shea kwa wiki mbili, mwambie aoshe mara tatu kisha akupe jibu. Mafuta huzifyonza saponini. Kila tone la mafuta hujizungushia saponini ambazo zingekuwa kwenye kiputo. Ukiosha mara ya kwanza hakuna povu, mara ya pili lipo kidogo, mara ya tatu ndipo huumuka. Kwa nywele asilia zisizo na mafuta mengi, au kwa uso na mikono, hali ni tofauti kabisa, na hapo ndipo ningewashauri muanzie biashara.

Zinapatikana wapi? Inayojulikana zaidi katika viwanda ni ile ya gome la Quillaja saponaria, mti wa Chile. Kuna yuka ya Mexico, Yucca schidigera. Kuna makapi ya mbegu za Camellia oleifera kutoka China baada ya kukamuliwa mafuta; hata mbegu za chai yetu ya Limuru na Kericho zina saponini, ingawa kichaka kinachochumwa na kupogolewa kila mara hakizai mbegu za kutosha kufanyia biashara. Quillaja ina wanunuzi wengine wazito: chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Kenya ilianza kuitoa Homa Bay mwezi Septemba 2019, ina saponini iitwayo QS-21 inayotoka kwenye gome la mti huohuo. Mtengenezaji wa shampuu hapaswi kutegemea gome linalogombaniwa hivyo.

Kwa aliye Nairobi, mlango rahisi ni ritha, tunda la Sapindus mukorossi, ambalo maduka ya viungo ya Ngara na Parklands huliuza likiwa zima au la unga. Nunueni zima. Unga husagwa pamoja na mbegu, na mara nyingine na vitu ambavyo muuzaji mwenyewe havijui. Tena vumbi lake likiingia puani utapiga chafya hadi machozi yatoke. Tunda zuri ni la kahawia, lina mikunjo, na ukilibana linanata kidogo. Lililokauka likawa jepesi kama karatasi au lenye madoa meupe ya ukungu, liache dukani.

Mjunju wa nyanda kavu, Balanites aegyptiaca, una saponini kwenye tunda, gome na mizizi, na watu wa maeneo kame wameutumia kufulia tangu zamani. Ni mti wa kutazamwa. Lakini kumbukeni kuwa gome na mizizi ikichukuliwa mti hufa, na kuchukua rasilimali za kijenetiki za mimea yetu ili kutengenezea bidhaa kunaangukia kanuni za mwaka 2006 za ufikiaji na mgawanyo wa manufaa, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mkonge nao una saponini, na kila mwaka mtu hujaribu kuuchemsha. Achaneni nao. Utomvu wake una fuwele za oksaleti zenye ncha kama sindano, zinazochoma ngozi na kuiacha ikiwasha.

Sasa tuingie jikoni. Pasua matunda, ondoa mbegu nyeusi. Saponini iko kwenye nyama ya nje. Pima gramu 100 za nyama hiyo iliyokauka, ikatekate, uiloweke usiku kucha katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa (distilled). Asubuhi ipashe moto hadi nyuzi 80 au 85, uishikilie hapo dakika 30 huku ukikoroga polepole. Usiiache ichemke kwa nguvu. Kwanza itafura na kumwagika juu ya jiko. Pili, joto kali la muda mrefu kwenye kimiminika chenye asidi huanza kukata sukari kutoka kwenye kiini, na kiini bila sukari hakiyeyuki majini: kinazama kama tope na hakitoi povu tena. Kwa kuwa Nairobi iko juu sana, maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usingoje mapovu makubwa ya kuchemka ndipo ujue joto limefika, tumia kipimajoto.

Sufuria iwe ya stenlesi. Ritha ina tanini, vitu vya mimea vyenye ukakasi, na tanini zikikutana na chuma hugeuka kijivu hadi nyeusi. Hata maji yaliyopitia bomba la zamani lenye kutu yanatosha kuharibu rangi. Kuhusu maji, ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanayofika mjini ni laini, lakini ya visima vingi vya jiji yana magadi na floraidi, na magadi hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya mchanganyiko wako bila wewe kujua. Ndiyo maana nasema yaliyotoneshwa. Mteja wako akiwa Kitengela na maji yake ya chumvi, hilo ni jambo jingine na ni la kufurahisha: saponini haifanyi ule utando mweupe ambao sabuni ya magadi hufanya kwenye maji magumu.

Baada ya kupoa, chuja kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, ukamue. Weka kwenye friji saa 24, tope litulie chini, kisha mimina kilicho wazi kupitia karatasi ya kuchujia kahawa. Utapata kama mililita 700. Hesabu yake ni hii: nyama ya ritha ina saponini karibu asilimia 10, kwa hiyo gramu 100 zina gramu 10 hivi, maji uliyoyapata ni saba ya kumi ya maji uliyotia, basi umetoa gramu 7 katika mililita 700, yaani asilimia 1. Nyingine imebaki kwenye makapi. Ukiyasuuza kwa mililita 200 za maji moto utaokoa sehemu yake, ila kimiminika chako kitazidi kuwa chepesi. Hiyo asilimia 1 ni makisio. Matunda ya msimu huu si ya msimu uliopita, kwa hiyo lazima upime.

Kipimo kipo, na hakihitaji maabara ya kifahari. Ni fahirisi ya povu inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa mimea ya dawa. Chukua gramu 1 ya nyama iliyosagwa chengachenga, uichemshe kwa wastani katika mililita 100 za maji kwa dakika 30, poza, chuja, ongeza maji hadi mililita 100 kamili. Panga mirija 10 ya majaribio yenye urefu wa sentimita 16 na kipenyo cha milimita 16. Wa kwanza utie mililita 1, wa pili 2, hadi wa kumi 10, kisha jaza maji hadi kila mmoja uwe na mililita 10. Ziba, tikisa kwa urefu wake kwa sekunde 15, mitikiso miwili kila sekunde. Acha dakika 15. Tafuta mrija ambao povu lake limesimama sentimita 1. Gawanya 1000 kwa mililita ulizotia kwenye mrija huo. Kama ni wa nne, fahirisi ni 250. Kama hakuna uliofika sentimita 1, fahirisi iko chini ya 100, na mzigo huo mrudishie muuzaji. Kama hata wa kwanza umepita sentimita 1, fahirisi iko juu ya 1000 na lazima uzimue dondoo, yaani kile kimiminika ulichochuja, uanze tena. Andika namba hiyo kwenye daftari kwa kila gunia. Daftari hilo litawasaidia zaidi ya cheti ambacho hamjui kilivyopatikana.

Na kwa kuwa nimetaja vyeti: ukinunua dondoo tayari la Quillaja, karatasi itasema labda asilimia 20 ya saponini. Uliza wamepimaje. Njia ya rangi inayotumia vanilini na asidi ya salfuriki ni rahisi, lakini hupokea na vitu vingine kama steroli, hivyo hutoa namba kubwa kuliko njia ya kromatografia, inayotenganisha viambato kimoja kimoja. Wauzaji wawili wenye asilimia 20 kwenye karatasi wanaweza kuwa na povu lisilolingana hata kidogo. Vilevile kipimo cha Brix husoma kila kilichoyeyuka, sukari na tanini zikiwemo. Kinafaa kulinganisha pishi lako la leo na la jana, hakikuambii kiasi cha saponini.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa anayeanza ni sabuni ya povu ya uso na mikono, katika chupa yenye pampu ya povu. Pampu hiyo huchanganya kimiminika na hewa na kukipitisha kwenye wavu, kwa hiyo huondoa udhaifu mkubwa wa saponini, ule uvivu wa kuanza. Kwa kilo moja: maji yaliyotoneshwa gramu 470, dondoo la ritha gramu 300, desili glukosidi gramu 100, betaini ya nazi (kiungo laini cha kuoshea) gramu 80, gliserini gramu 30, na vihifadhi viwili: sodiamu benzoeti gramu 5, potasiamu sobeti gramu 3. Zinazobaki ni asidi ya sitriki na maji ya kujazia. Desili glukosidi, itokanayo na sukari na pombe ya mafuta ya mimea, ndiyo itakayobeba kazi ya kuosha. Saponini, ambayo hapa ni asilimia 0.3 tu, itaimarisha povu. Kiasi hicho kinatosha. Kuongeza mara tatu kutakuongezea rangi, harufu na muwasho, na povu halitaongezeka mara tatu.

Mpangilio wa kuchanganya ndio wengi huukosea. Anza na maji, yeyusha benzoeti na sobeti kabisa. Tia gliserini, kisha desili glukosidi. Hiyo huja na pH ya 11 na zaidi, kwa hiyo sasa mchanganyiko ni wa alkali. Usitie ritha bado. Alkali hukata sehemu za molekuli za saponini fulani, hasa za Quillaja, na povu hupungua. Yeyusha asidi ya sitriki katika maji sawa kwa uzito, uitie kidogokidogo ukikoroga hadi pH ifike 5. Ukiimwaga yote kwa pamoja, mahali ilipoangukia benzoeti itageuka asidi ya benzoiki, fuwele nyeupe zitakazozama na kugoma kuyeyuka. Halafu tia betaini, mwisho dondoo la ritha likiwa limepoa. Pima tena, ushushe hadi 4.8. Mchanganyiko ukiwa na ukungu mwepesi wa tanini, acha siku mbili kisha chuja. Pampu ikipata chembe, wavu wake huziba na mteja ataisema bidhaa, hataisema pampu.

Mnaotaka shampuu nzito, sahauni chumvi. Chumvi hufanya ungarol iwe nzito kwa sababu ya namna molekuli za ungarol zinavyojipanga. Kwenye saponini na glukosidi utapata maji ya chumvi tu. Tumieni gamu ya zanthani, gramu 8 kwa kilo, iliyolowanishwa kwanza ndani ya gliserini, la sivyo itafanya madonge. Na msiweke viungo vya kulainisha nywele vyenye chaji chanya, kama vile vya kondishena: hukamatana na tanini na saponini zenye chaji hasi na kuganda. Kondishena iwe chupa yake.

Sasa niseme lile linaloharibu mali nyingi kuliko mengine yote. Dondoo la mmea ni chakula. Lina sukari, lina protini, lina maji. Bakteria na hamira hawaombi zaidi. Dondoo lisilo na kihifadhi, mezani, huchachuka ndani ya siku mbili tatu. Kwenye friji lipe siku tatu kisha limwage. Chupa iliyofungwa huvimba, ukiifungua hutoa gesi. Wengine hutia vitamini E wakidhani wamehifadhi. Vitamini E huzuia mafuta yasiharibike kwa hewa, na bakteria haina habari nayo. Ndimu hushusha pH na kuongeza sukari nyingine.

Benzoeti inafanya kazi, lakini kwa kutegemea pH. Kinachoua ni asidi ya benzoiki yenyewe, si chumvi yake. Katika pH 4.2, nusu ya ulichotia iko katika umbo hilo. Katika 5.2, imebaki sehemu moja kati ya kumi na moja. Katika 6.2, moja kati ya mia. Mtu aliyetia gramu 5 kwenye mchanganyiko wa pH 6.2 ametumia pesa kununua kihifadhi kilicholala. Karatasi za pH za rangi haziaminiki kwenye kimiminika cha kahawia kwa sababu rangi ya ritha huipaka karatasi. Nunueni kipima pH cha kidijitali na maji yake ya kusahihishia ya 4 na 7, mkisahihishe kila siku ya kazi.

Hata hivyo pH na kihifadhi havitoshi kama ndoo ni chafu. Vyombo vioshwe, vinyunyiziwe spiriti ya asilimia 70, vikaushwe. Chupa zilizotumika msizijaze tena kwa ajili ya kuuza. Kabla ya kuuza, peleka sampuli maabara ihesabiwe vijidudu: kwa bidhaa za kawaida kipimo kinachokubalika kimataifa hakizidi 1,000 kwa gramu, na Pseudomonas aeruginosa, Staphylococcus aureus, Candida albicans na E. coli zisionekane kabisa. Weka pia chupa kadhaa kwenye nyuzi 40 kwa miezi mitatu, uangalie rangi, harufu, pH na povu kila mwezi. Rangi itakolea, hilo ni la kawaida, na chupa isiyopitisha mwanga husaidia. pH ikibadilika au harufu ikigeuka, huenda kuna kitu kinaishi humo.

Usalama nitaupitia haraka, ingawa si mdogo. Saponini hushikana na kolesteroli ya utando wa seli, na ndiyo maana hupasua chembe nyekundu za damu zikikutana nayo moja kwa moja. Juu ya ngozi isiyo na majeraha, kwa bidhaa ya kusuuza, hakuna tatizo hilo. Machoni inachoma sana. Usiandike kwamba haimlizi mtoto, na usiuze kwa ngozi yenye vidonda. Mpe mtu ajipake kidogo upande wa ndani wa mkono, asubiri saa 48. Makapi na maji ya kuoshea vyombo msiyamwage mtoni wala kwenye bwawa la samaki, kwa maana saponini huharibu matamvua yao. Huko Adwa, Ethiopia, mwaka 1964, Aklilu Lemma aligundua kwamba konokono wanaobeba kichocho walikuwa wakifa pale wanawake walipofulia kwa matunda ya endod, yaani Phytolacca dodecandra, mmea mwingine wenye saponini nyingi. Kinachoua konokono kwa manufaa huua na viumbe vingine. Makapi yaende kwenye mboji.

Upande wa sheria, vipodozi viko chini ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na ofisi zao ziko Popo Road, South C. Viwango vya Afrika Mashariki vya kuanzia ni EAS 377 kuhusu viambato na EAS 346 kuhusu lebo. Mimea iandikwe kwa jina lake la Kilatini, viambato vipangwe kuanzia kilicho kingi, kuwe na namba ya pishi na tarehe ya mwisho. Usiandike "bila kemikali": saponini ni kemikali, maji ni kemikali, na hiyo benzoeti umeitia mwenyewe. Kama kuna glukosidi ndani, usiseme povu lote ni la mmea wa ritha.

Na kwa kila pishi, chupa moja ibaki kabatini kwako, ikiwa na namba yake, hadi tarehe ya mwisho ipite. Siku mteja atakaporudi akisema chupa yake imenuka, fungua ya kwako ya namba ileile. Ikinuka nayo, uliza vyombo na pH ya siku ile. Isiponuka, muulize kama ameiongezea maji ya bomba bafuni ili idumu zaidi, maana wengi hufanya hivyo, na kihifadhi kikizimuliwa hakifanyi kazi.

Asanteni. Karibuni kwa maswali.